Sindano Isiyo na Uzi

Miaka ishirini na mitatu sindano imenila vidole bure.
Nashona sare za shule, Soko la Toi,
kibanda cha mabati ya samawati:
sketi za kijivu, kola, mifuko isiyotoboka.
Januari hii bega la kulia likagoma.
Halikuuma, mwanzoni. Lilinuna tu,
kama mkwe aliyenyimwa kiti.

Nikameza vidonge vyekundu, kisha vyeupe.
Nikapakwa mafuta ya mbuni.
Mwikali wa kibanda cha vifungo akasema,
nenda ukadungwe.
Nikacheka: mwiba wa kujidunga, mama, hauambiwi pole.

Daktari Shen yuko Hurlingham, juu ya duka la miwani.
Hakuuliza bega. Aliomba ulimi.
Nikautoa, mtu mzima na heshima zangu,
akautazama ninavyotazama kitambaa kwenye mwanga.
Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu, akanyamaza.
"Ndani kuna mto," akasema kwa Kiswahili cha kuokota,
"mto umeziba."
Bega liko juu, yeye akanidunga chini ya goti!
Nyembamba kuliko namba tisa yangu, sikuisikia ikiingia,
ila uzito fulani ukashuka taratibu
kama ndoo inayoteremshwa kisimani.
Akawasha majani makavu karibu na ngozi,
nikanuka kama jiko la shangazi.
Shilingi elfu tatu na mia tano. Nililala.

Bega likakaa kimya siku nne.

Wesonga, tabibu wa viungo, Barabara ya Ngong,
haamini mito.
Ukutani ana picha ya mtu aliyechunwa ngozi,
misuli yote nje kama buchani.
"Hapa," akabonyeza, nikaruka. "Fundo. Tunalilegeza."
Akaichoma, akaichezesha juu chini, juu chini
(mashine yangu hii, nikawaza, mashine yangu yenyewe)
mpaka nyama ikashtuka peke yake, samaki kwenye karai.
Nikamtukana kwa lugha ya mama.
Akacheka. Alielewa kila neno;
kumbe kwao na kwetu tunachota mto mmoja.
Akiwa anakusanya sindano zake akauliza,
"Meza yako ina kimo gani?"
Miaka ishirini na mitatu.
Hakuna aliyewahi kuuliza kimo cha meza.

Kisha kuna Alhamisi, ukumbi wa kanisa, Kangemi.
Sista Jerono hana kitanda.
Ana viti vya plastiki vilivyopangwa duara,
sindano tano kwa kila sikio,
na sharti moja: usizungumze.
Halipishi. Ukibakiwa na chochote juu ya nauli, kuna sahani mlangoni.
Tulikuwa kumi na wawili.
Bawabu wa usiku, buti bado zina tope.
Msichana aliyevaa nyeusi.
Mzee aliyeacha chang'aa, au chang'aa ilimwacha.
Tumekaa, masikio yanameta,
mto wa pini, sote, mto mmoja wa pini.
Dakika ya ishirini hivi bawabu akaanza kulia bila sauti
na hakuna aliyemuuliza kitu,
na ni hapo, sijui kwa nini ni hapo,
bega langu liliposhuka lenyewe
kama mgeni aliyekubali hatimaye kuvua koti.

Mwikali anataka jibu. Yupi bingwa?
Nimemwambia sijui.
Mmoja alinilaza, mmoja aliniumiza,
mmoja aliniketisha na watu.
Jumatatu bado linauma. Jumatatu kila kitu huuma.

Nimeinua meza kwa matofali manne.
Mguu mmoja unacheza;
nimeukunjia kipande cha sketi.
Alhamisi nafunga saa nane, wateja wanalalamika,
na sare za darasa la nne zimebaki hamsini na sita.
Natunga uzi. Leo umepita mara ya kwanza.